Kesi Inayokwisha Kabla ya Kusikizwa

Mtu aliyevunjiwa nyumba yake usiku hutazamia mambo mawili kutoka kwa serikali: kwamba mwizi atakamatwa, na kwamba akisha kukamatwa atasimamishwa mbele ya hakimu, mashahidi wasikizwe, ijulikane haki iko upande gani. Katika Marekani, nchi ambayo filamu zake zimetuzoesha kuona mawakili wakitoana jasho mbele ya juri, jambo la kwanza hutokea kwa nadra, na la pili kwa nadra zaidi. Mwaka 2019 polisi wa nchi hiyo waliandikisha matukio zaidi ya milioni moja ya kuvunja nyumba na majengo, na kwa hesabu za shirika la upelelezi la FBI, ni takriban 14 tu katika kila 100 yaliyopata ufumbuzi. Na hao wachache waliofikishwa mahakamani, walio wengi hawakumwona shahidi hata mmoja akila kiapo. Walikiri kosa kwa mapatano, wakapewa adhabu iliyokwisha kukubaliwa nje ya mahakama, na majalada yao yakafungwa.

Haya si maneno ya wapinzani wa Marekani. Mwaka 2012 Jaji Anthony Kennedy wa Mahakama Kuu ya nchi hiyo, akiandika hukumu kwa niaba ya wenzake, alieleza kwamba katika kila watu 100 wanaotiwa hatiani na mahakama za majimbo, 94 hutiwa hatiani kwa kukiri wenyewe. Akaongeza, bila kuficha, kwamba haki ya jinai ya nchi yake sasa ni utaratibu wa kukiri makosa, wala si utaratibu wa kusikiliza kesi.

Msomaji atauliza: yatuhusu nini? Yatuhusu, kwa kuwa tangu mwaka 2019 njia hiyo hiyo imo katika sheria ya mwenendo wa makosa ya jinai ya Tanzania. Jirani zetu wa Kenya walikwisha kuiingiza mwaka 2008. Mtu anayenunua chombo kilichotumika hana budi kwenda kumwuliza aliyekitumia kimemfanyia kazi gani. Na hakuna kosa linaloonyesha vizuri zaidi namna chombo hiki kinavyofanya kazi kuliko kosa la kuvunja nyumba, kwa sababu ni kosa la kila mtaa, washtakiwa wake aghalabu ni mafukara, na adhabu yake katika vitabu ni nzito mno kuliko ile inayotolewa kila siku.

Kwanza yafaa tuelewe mahakama zenyewe. Marekani ina kaunti zaidi ya 3,000, na kesi za jinai za kawaida, yaani wizi, kupigana, kuvunja nyumba, husikizwa na mahakama za majimbo zinazokaa katika kaunti hizo. (Msomaji wa Kenya asichanganye: kaunti zake 47 hazina mahakama zao za jinai, mahakimu ni wa Idara ya Mahakama ya taifa.) Kaunti ya Marekani yaweza kuwa na watu elfu chache wanaofahamiana wote, au yaweza kuwa Los Angeles au Cook, ambayo ndani yake mna mji wa Chicago, zenye wakazi mamilioni. Katika majimbo yaliyo mengi mwendesha mashtaka mkuu wa kaunti huchaguliwa kwa kura, kama diwani au mbunge. Huyu ndiye mwenye ufunguo wa mambo yote tunayoyaeleza. Jaji ana kiti cha juu na joho. Lakini anayeamua mtu ashtakiwe kwa kosa gani ni mwendesha mashtaka, na baada ya hapo mengi hufuata yenyewe.

Tuangalie vitabu vya sheria. Katika Texas, kuvunja nyumba ya kuishi watu ni kifungo cha kuanzia miaka 2 hadi 20. Kuvunja jengo lisilo makazi, kwa mfano duka au ghala, ni kuanzia siku 180 hadi miaka 2. Katika Illinois, kuvunja makazi ni miaka 4 hadi 15, wala kwa kawaida jaji haruhusiwi kumwachia mshtakiwa kwa masharti ya uangalizi. Katika California ni miaka 2, 4 au 6, lakini kosa hilo huhesabiwa miongoni mwa makosa mazito ambayo tangu mwaka 1994 humwekea mtu alama; alama zikirundikana, kosa linalofuata humletea kifungo kilichozidishwa, hata cha maisha. Basi fikiria kijana aliyekamatwa na redio ya jirani. Ushahidi huo huo mmoja waweza kuitwa kuvunja nyumba, au wizi mdogo, au kupokea mali ya wizi, au kuingia mahali bila ruhusa. Baina ya jina la kwanza na la mwisho pana tofauti ya miaka mingi ya maisha ya mtu. Mwendesha mashtaka huanza na jina la kwanza, kisha humwendea wakili wa mshtakiwa na kumwambia: mteja wako akikiri, nitalishusha.

Hapo ndipo kesi inapomalizikia. Mazungumzo yenyewe aghalabu hufanyika ukumbini, au kwa simu, au kando ya chumba cha mahakama wakati kesi nyingine inatajwa, na huchukua dakika chache. Kisha mshtakiwa husimamishwa mbele ya jaji, naye jaji humsomea maswali ambayo sheria inamtaka amwulize: je, unafahamu kwamba unaacha haki yako ya kusikilizwa na juri? Unafahamu kwamba unaacha haki ya kuwahoji mashahidi wanaokushtaki, na haki ya kunyamaza? Kuna mtu yeyote aliyekulazimisha? Mshtakiwa, aliyekwisha kuelezwa kwamba akikataa huenda akafungwa miaka kumi na akikubali ni miaka miwili, hujibu kwamba hakuna aliyemlazimisha. Jawabu hilo huandikwa, na kwa sheria linatosha.

Ajabu ya mambo ni kwamba haki ya mtu maskini kupata wakili katika mahakama hizo ilizaliwa katika kesi ya kuvunja jengo. Mwezi Juni 1961, katika mji wa Panama City, kaunti ya Bay, jimbo la Florida, ukumbi mmoja wa mchezo wa biliadi ulivunjwa usiku, zikachukuliwa sarafu kutoka katika mashine na vinywaji kidogo. Akakamatwa mtu mmoja aitwaye Clarence Earl Gideon, mzunguko wa mjini asiye na kazi ya kudumu, aliyekwisha kufungwa mara kadhaa kwa makosa ya namna hiyo. Alipofikishwa mahakamani aliomba apewe wakili kwa kuwa hana fedha. Jaji akamjibu kwamba sheria ya Florida haimruhusu kumpa wakili ila mtu anayekabiliwa na adhabu ya kifo. Gideon akajitetea mwenyewe kadiri ya uwezo wake, akatiwa hatiani, akahukumiwa miaka 5. Akiwa gerezani alichukua kalamu ya risasi na karatasi za gereza akaandika maombi kwa Mahakama Kuu huko Washington. Tarehe 18 Machi 1963 majaji wote kwa kauli moja walisema kwamba hukumu ile ilikuwa batili: mtu aliyeshtakiwa kwa kosa zito, kama hana uwezo wa kumlipa wakili, serikali yapasa impe.

Watu wengi husimulia kesi hii na kukomea hapo, lakini somo lenyewe limo katika yaliyofuata. Agosti 1963 Gideon alirudishwa mahakama ile ile, mbele ya jaji yule yule, kwa ushahidi ule ule. Tofauti ilikuwa moja tu: kando yake alikaa wakili wa mji ule, Fred Turner, ambaye alikuwa ameichunguza kesi kabla ya siku ya kusikizwa. Dereva mmoja wa teksi alieleza kwamba alimchukua Gideon alfajiri ile, na kwamba Gideon alimwambia asimweleze mtu yeyote kuwa amempakia. Maneno mazito hayo, na mtu asiye na wakili angeyaacha yakae hivyo hivyo. Turner akamwuliza dereva: je, alipata kukuambia hivyo siku nyingine? Dereva akakubali kwamba ndiyo, alikwisha kumwambia kabla ya hapo, na kwamba alivyofahamu yeye, mtu yule alikuwa na ugomvi na mkewe. Kwa swali moja, jambo lililofanana na ungamo la mwizi likageuka kuwa aibu ya mume. Shahidi mkubwa wa upande wa mashtaka naye akahojiwa mpaka ushahidi wake ukalegea. Juri ikaondoka, na baada ya muda upatao saa moja ikarudi na kumwona hana hatia. Alikuwa amekwisha kukaa gerezani miaka ipatayo miwili.

Sasa tumwazie Gideon akikamatwa leo katika kaunti kama ile. Wakili atapewa, bila kuandika barua kwa mtu yeyote. Huenda akakutana naye kwa mara ya kwanza asubuhi ya siku anayosimamishwa. Wakili huyo wa umma atafungua jalada, ataona mtu mwenye vifungo vya zamani, na atamweleza ukweli mchungu: kwa rekodi yako, ukishindwa, mwendesha mashtaka ataomba uhesabiwe mhalifu sugu, na kifungo chaweza kuzidishwa maradufu, leo wanakupa mwaka mmoja na miezi kadhaa. Ushauri huo hautakuwa wa hila. Utakuwa ni ushauri wa kweli. Na dereva wa teksi hataulizwa swali lolote, kwa sababu hataitwa.

Kwamba vitisho vya namna hiyo ni halali, Mahakama Kuu yao ilikwisha kusema. Katika kaunti ya Fayette, jimbo la Kentucky, mtu aitwaye Paul Hayes alishtakiwa kwa hundi ya kughushi ya dola 88 na senti 30. Mwendesha mashtaka alimwahidi miaka 5 akikiri, na akamwambia wazi kwamba akikataa na kuisumbua mahakama, atamshtaki kama mhalifu sugu. Hayes, aliyekuwa na makosa mawili ya nyuma, alikataa. Akashtakiwa hivyo, akafungwa maisha. Mwaka 1978 majaji watano dhidi ya wanne walisema hapakuwa na uvunjaji wa katiba, maadamu mshtakiwa alikuwa huru kukubali au kukataa. Sisi tunaona majaji wale wanne waliobaki wachache walikuwa na macho makali zaidi. Mtu anayeadhibiwa miaka 5 kwa hundi, na maisha kwa kuomba asikilizwe, adhabu yake kubwa si ya hundi.

Mawakili wa umma wenyewe hatuwezi kuwalaumu. Mwaka 1973 tume ya taifa ya Marekani ilipendekeza kwamba wakili mmoja asibebe zaidi ya kesi nzito 150 kwa mwaka. Hesabu hiyo, ukiigawanya kwa siku za kazi, inampa kila mshtakiwa siku moja na nusu hivi ya akili ya wakili wake. Uchunguzi mpya uliotolewa mwaka 2023 ulisema kipimo hicho ni kikubwa kupita kiasi, na pamoja na hivyo kaunti nyingi zilikuwa zimekipita zamani. Wakili aliyelemewa hivyo hana nafasi ya kwenda kutafuta dereva wa teksi. Kazi anayoimudu ni kupunguza bei.

Lakini katika mambo yote haya, lile linalovunja uti wa mgongo wa mshtakiwa ni rumande. Mtu aliyeko nje kwa dhamana aweza kusema: mimi sikuvunja, nileteeni mashahidi wenu, nitasubiri. Mtu aliyeko ndani hasubiri, analipa. Analipa kazi yake, chumba alichopanga, na wakati mwingine watoto wake. Baada ya miezi minne anaambiwa: ukikiri leo, muda uliokaa utahesabiwa ndio adhabu, na jioni utalala kwako; ukikana, kesi itatajwa tena baada ya wiki sita. Mwenye hatia atakubali, na asiye na hatia naye atakubali, na baada ya hapo hakuna mizani duniani itakayowatenganisha hao wawili. Mwaka 2018 wachumi watatu walitoa uchunguzi wao wa kesi nyingi za Philadelphia na kaunti ya Miami-Dade. Waligundua kwamba washtakiwa walioachiwa kungojea kesi zao nje walitiwa hatiani kwa uchache kuliko wenzao waliofanana nao walioshikiliwa, na sababu yake kubwa haikuwa kwamba walishinda mbele ya juri, ila kwamba walikiri kwa uchache. Jimbo la Illinois, ilimo kaunti ya Cook, lilifuta kabisa dhamana ya fedha mnamo Septemba 2023. Tangu hapo jaji hana budi kupima hatari ya mtu mwenyewe, wala si uzito wa mfuko wake. Hatua hiyo ilipigiwa kelele nyingi kama jambo la polisi na usalama. Kwa maoni yetu imegusa zaidi meza ya mapatano kuliko mlango wa gereza.

Watetezi wa mapatano wana hoja, na si haki kuipita. Mwaka 1971 Mahakama Kuu ya Marekani ilisema kwamba kama kila shtaka lingesikizwa kwa ukamilifu, serikali zingelazimika kuongeza majaji na mahakama mara nyingi zaidi. Kaunti ya El Paso katika Texas ilijaribu kupiga marufuku mapatano mwaka 1975 kwa makosa mazito, na kesi zikarundikana mpaka marufuku ikalegezwa. Lakini jimbo la Alaska lilijaribu mwaka huo huo kwa amri ya mwanasheria wake mkuu, na kilichotokea huko kiliwashangaza wengi: mahakama hazikuanguka. Kesi zilikwenda upesi kuliko awali, na washtakiwa wengi waliendelea kukiri bila kuahidiwa kitu, kwa sababu ushahidi ulikuwa wazi. Hata hivyo adhabu za wakosaji wadogo, hasa wa kosa la kwanza, zilipanda. Amri ile ikafifia taratibu, na kufikia miaka ya 1990 ilikuwa imekwisha nguvu. Kwa hiyo si kweli kwamba bila mapatano mahakama hufa, wala si kweli kwamba kuyafuta kunamfaa mnyonge moja kwa moja. Mwendesha mashtaka asiyeruhusiwa kushusha shtaka baadaye hana budi kulipima vizuri mwanzoni, na huo, kwa kweli, ndio uliokuwa ufanisi wa Alaska: kesi dhaifu zilikataliwa mlangoni.

Na mwenye nyumba je? Yeye ndiye anayesahauliwa na pande zote mbili. Katika mapatano hakuna siku anayosimama kueleza namna alivyoamka akakuta dirisha liko chini na watoto wanalia. California ilibadili katiba yake mwaka 2008 ili aliyetendewa kosa apate haki ya kuarifiwa na kuzungumza na mwendesha mashtaka, na majimbo mengine yakafuata. Ni jambo jema, ingawa kuarifiwa kwamba mambo yamekwisha si sawa na kuulizwa. Aliyevunjiwa nyumba mara nyingi hataki mengi: ataka vitu vyake, au thamani yake, na ataka kujua kama aliyeshikwa ndiye kweli. Hilo la mwisho mapatano hayawezi kumpa. Akiwa mtu asiye na hatia amekiri ili atoke rumande, mwizi wa kweli bado yuko mtaani, na polisi wamekwisha kufunga jalada.

Turudi kwetu. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania Bara inaweka kifungo cha hadi miaka 14 kwa kuvunja nyumba mchana, na hadi miaka 20 ikiwa ni usiku. Kenya ni 7 na 10. Ukali wetu una historia yake: mwaka 1963, miaka miwili tu baada ya Uhuru, Bunge lilipitisha Sheria ya Adhabu za Chini, na uvunjaji wa nyumba ukawekwa miongoni mwa makosa ambayo hakimu hakuruhusiwa kuyapunguzia chini ya miaka 2, pamoja na viboko. Wananchi wa wakati ule walichoshwa na wezi, kama walivyochoshwa wa leo. Lakini miaka 20 iliyowekwa na mtunga sheria ili kumtisha mwizi, ikiingizwa katika chumba cha mapatano, inakuwa kitu kingine. Inakuwa ndio kianzio cha bei.

Sheria yetu ya 2019 ina mambo mazuri kuliko desturi ya kaunti nyingi za Marekani. Inataka mapatano yawe ya maandishi. Inamtaka mwendesha mashtaka amshauri aliyetendewa kosa au mpelelezi pale hali inaporuhusu. Inamzuia hakimu kushiriki mazungumzo, na inamtaka ajiridhishe kwamba mshtakiwa amekubali kwa hiari. Imetoa nje ya mapatano makosa kama uhaini, ugaidi, na makosa makubwa ya kujamiiana yanayowahusu watoto. Kuvunja nyumba hakumo katika orodha hiyo. Basi mlango wake uko wazi. Lakini sheria hiyo hiyo inasema kwamba mshtakiwa asiye na wakili aweza kusimamiwa katika mapatano na jamaa, au rafiki. Tuseme wazi: mjomba aliyetoka shamba kuja kumtazama mpwa wake mahabusu, asiyejua tofauti ya wizi na uvunjaji, wala hajui kwamba ushahidi wa alama za vidole haupo jaladani, huyo atapatana nini na mwendesha mashtaka wa serikali? Atapatana kama mtu apatanavyo na mwenye bunduki. Gideon alipewa miaka 5 kwa kukosa mtu wa kumwuliza dereva swali moja. Rafiki hatauliza.

Umma wa Tanzania uliyafahamu mapatano haya kwa mara ya kwanza kupitia kesi za wakubwa. Mnamo Septemba 2019 washtakiwa 467 wa uhujumu uchumi waliomba kukiri na kurejesha fedha zilizotajwa kufikia shilingi bilioni 107.8. Mjadala ukawa juu ya mabilioni, na hadi leo tukisikia neno hilo tunawaza matajiri na mawakili wao. Hatari yenyewe haiko huko. Tajiri ana kitu cha kurudisha na ana mtu wa kumsemea. Kijana wa mtaani aliyekamatwa alfajiri na sungusungu hana kitu cha kuuza mezani isipokuwa neno "ndiyo".

Si kwamba sisi tunachukia suluhu. Jamii zetu ziliishi kwa suluhu kabla ya mahakama hizi, na mabaraza ya wazee yamerudisha baiskeli na mbuzi wengi bila mtu kulala rumande. Lakini katika suluhu ya kweli aliyeibiwa huketi pamoja nao, na aliyetuhumiwa hatoki kifungoni kuja barazani. Tena waliosoma fiqhi wanajua jinsi makadhi wa kale walivyokuwa na hadhari na ungamo katika kosa la wizi: adhabu yake ilipokuwa nzito, kadhi alimpa aliyeungama nafasi ya kulirudisha neno lake, kwa kuchelea kwamba hofu ndiyo iliyomsemesha. Hapa tunafanya kinyume chake. Tunaongeza hofu, kisha tunalipokea ungamo.

Yapo mambo yanayoweza kufanyika bila kusubiri. Kosa la kuvunja nyumba lina dhamana kwa sheria yetu, na watu wengi hubaki ndani si kwa sababu hakimu amekataa, ila kwa kukosa mdhamini mwenye barua, kitambulisho na mali ya kuonyesha. Masharti hayo yako mikononi mwa mahakama yenyewe. Mahakimu wa wilaya waweza kuyalegeza kwa mtu mwenye makazi yanayojulikana na mjumbe anayemtambua. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 ipo, na wasaidizi wa sheria wapo katika mikoa. Ofisi ya mashtaka yaweza kujiwekea kanuni ya kutotia sahihi mapatano yoyote, kwa kosa lenye kifungo kinachozidi miaka kadhaa, mpaka mshtakiwa amezungumza na wakili, si rafiki, tena baada ya wakili huyo kuliona jalada la polisi. Na kwa kuwa tangu mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria na mahakama zetu, hakuna sababu ya mshtakiwa kuwekewa mbele karatasi asiyoweza kuisoma.

Kisha iko hesabu moja ambayo Wamarekani walichelewa sana kuifanya. Kila mahakama ya wilaya itangaze mwisho wa mwaka: kesi ngapi za kuvunja nyumba zilikwisha kwa mapatano, katika hizo washtakiwa wangapi walikuwa rumande siku walipotia sahihi, na kwa muda gani, wangapi walikuwa na wakili na wangapi walikuja na ndugu, na wenye nyumba wangapi waliulizwa. Mapatano yote sharti yawe ya maandishi, kwa hiyo majibu ya maswali hayo yamekwisha kuandikwa. Yamo katika majalada, kabatini kwa karani.